Seneta Aliyetiwa Pingu: Amri Ilikuwa ya Nani?

Mnamo tarehe 12 Juni, 2025, katika jengo moja la serikali kuu ya Marekani lililoko Westwood, mjini Los Angeles, Bibi Kristi Noem, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, alikuwa akizungumza na waandishi wa habari. Nje ya jengo lile mji haukuwa shwari. Tangu tarehe 6 ya mwezi huo maofisa wa uhamiaji walikuwa wakiwakamata watu makazini na mitaani, wananchi wakaandamana, na Rais Donald Trump akatoa amri ya kuwaweka chini ya mamlaka yake askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa wa jimbo la California, ingawa Gavana wa jimbo hilo, Bwana Gavin Newsom, hakuomba msaada huo wala hakuuridhia. Idadi ilianza kwa askari 2,000, ikafikia 4,000, na juu yao wakaongezwa wanajeshi 700 wa kikosi cha Marines.

Waziri alikuwa akieleza kwamba serikali kuu haikusudii kuondoka Los Angeles. Kwamba imekuja kuukomboa mji ule kutoka mikononi mwa wasoshalisti na kutoka katika uongozi wa Gavana na wa Meya. Kukomboa ni neno zito. Gavana yule na Meya yule hawakuuteka mji kwa bunduki, walipigiwa kura. Ndipo mtu mmoja aliyekuwa amesimama pembeni mwa chumba alipopaza sauti akitaka kuuliza swali. Walinzi wakamshika, wakamsukuma kinyumenyume kuelekea mlangoni. Akiwa mikononi mwao akajitaja, kwa sauti iliyonaswa na kamera zote zilizokuwapo, kwamba yeye ni Seneta Alex Padilla na kwamba ana maswali kwa Waziri. Hawakumwachia. Walimtoa mpaka kwenye ujia ulio nje ya chumba, wakampigisha magoti, wakamlaza kifudifudi, wakamtia pingu mikono ikiwa mgongoni.

Baada ya muda mfupi pingu zilifunguliwa. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Yeye na Waziri wakakutana faraghani kwa muda wa kama robo saa, kisha kila mmoja akashika njia yake. Jambo lenyewe, tangu sauti ya kwanza hadi pingu, halikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mabishano juu yake yalienea nchi nzima, na ndiyo tunayotaka kuyatazama leo, kwa sababu yanahusu kazi ya wasikilizaji wetu wa jeshi na wa polisi kuliko yanavyowahusu wanasiasa waliokuwa wakibishana.

Kwanza tumfahamu mhusika. Bwana Padilla ni mtoto wa wahamiaji kutoka Mexico, na alisomea uhandisi kabla ya kuingia katika siasa. Aliingia katika Seneti mwezi Januari, 2021, kukijaza kiti kilichoachwa na Bibi Kamala Harris, na mwezi Novemba, 2022, wapiga kura wa California wakamthibitisha kwa kura zao. California ina watu wapatao milioni 39, na katika Seneti kila jimbo la Marekani, liwe kubwa au dogo, lina wajumbe wawili tu. Mmoja wa hao wawili ndiye aliyelazwa sakafuni.

Tena hakuwa ametoka barabarani. Kwa maelezo yake mwenyewe, siku ile alikuwa amefika katika jengo lile kwa miadi, ili apewe taarifa na Jenerali Gregory Guillot, mkuu wa kamandi ya jeshi inayosimamia ulinzi wa eneo la Amerika ya Kaskazini. Alitaka kujua wale askari 4,000 na wale wanajeshi 700 wanafanya nini katika jimbo lake. Wakati akingoja akasikia kwamba Waziri anazungumza na waandishi katika chumba cha karibu, akaomba aende kusikiliza. Akasindikizwa na askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa pamoja na ofisa wa idara ya upelelezi ya FBI. Kama ilikuwa hivyo, basi katika jengo lile walikuwamo watumishi wa serikali waliomjua vizuri, waliompokea mlangoni na kumwongoza mpaka kwenye chumba hicho hicho alimotolewa kwa nguvu.

Baada ya tukio pande mbili zilijitokeza. Wizara ya Usalama wa Ndani ilisema kwamba Seneta alifanya mchezo wa kuigiza wa kisiasa usio na heshima. Kwamba hakujitambulisha wala hakuvaa beji yake ya Seneti. Kwamba alimwendea Waziri kwa ghafla. Na kwamba kikosi cha Secret Service, ambacho kazi yake ni kuwalinda viongozi, kilidhani ni mtu aliyekuja kudhuru. Naibu Mkurugenzi wa FBI wa wakati huo, Bwana Dan Bongino, naye alisema kwamba beji haikuwapo na kwamba Seneta alishindana na maofisa. Spika wa Baraza la Wawakilishi, Bwana Mike Johnson, alikwenda mbele zaidi akasema kwamba mwenendo ule unastahili karipio rasmi la wajumbe wenzake.

Upande wa pili uliongozwa na wanachama wa chama cha Democratic, ambao waliona kwamba ikiwa Seneta hawezi kuuliza swali, mwananchi wa kawaida atafanywaje. Bwana Chuck Schumer, kiongozi wao katika Seneti, alidai uchunguzi. Hayo yalitarajiwa. Lililokuwa na uzito ni kwamba hata katika chama cha Rais mwenyewe zilisikika sauti za masikitiko. Seneta Lisa Murkowski wa Alaska alisema ameshtushwa na kila sehemu ya jambo lile, na Seneta Susan Collins wa Maine naye akaeleza kwamba picha zile zilimsumbua.

Hatuna haja ya kumsafisha Bwana Padilla. Mwanasiasa anayeingilia maneno ya waziri katika mkutano wa waziri anajua kamera ziko wapi. Mkutano ule haukuwa kikao cha Seneti, na mwenye mkutano ana haki ya kuutunza utaratibu wake. Anayepiga kelele anaweza kuombwa anyamaze, na asiponyamaza anaweza kutolewa. Askari yeyote aliyewahi kulinda mkutano wa hadhara anaijua kazi hiyo, na anajua kwamba haifanywi kwa tabasamu.

Wala hofu ya walinzi haikuwa ya kubuni. Tarehe 13 Julai, 2024, mjini Butler, Pennsylvania, Bwana Trump, ambaye wakati huo alikuwa mgombea, alipigwa risasi sikioni akiwa jukwaani, na kikosi hicho hicho cha Secret Service kililaumiwa na nchi nzima kwa uzembe. Mkuu wake akajiuzulu siku chache baadaye. Na siku mbili tu baada ya tukio la Los Angeles, tarehe 14 Juni, 2025, katika jimbo la Minnesota, Mbunge Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe na mtu aliyekuja amejivika kama ofisa wa polisi. Katika nchi ya namna hiyo mlinzi hana budi kushtuka mapema. Beji huigizwa, na sare pia huigizwa. Kwa sababu hiyo hoja ya beji, iliyorudiwa mara nyingi na upande wa serikali, kwa kweli haina nguvu kubwa kwa upande wowote. Kuwa na beji hakumthibitishi mtu, na kutokuwa nayo hakumfanyi kuwa muuaji.

Lakini tuyatenganishe mambo mawili yaliyochanganywa na wengi. Kumwondoa mtu chumbani ni tendo moja. Kumlaza sakafuni na kumtia pingu akiwa tayari yuko nje ya chumba ni tendo jingine. Tendo la kwanza lina sababu inayoelezeka: kuna kiongozi wa kulindwa, kuna kelele, kuna mtu asiyejulikana. Mlango ulipopitwa sababu hiyo ilibaki ndani. Waziri hakuwa katika ule ujia. Mtu alikuwa amekwisha kujitaja jina na cheo. Hakuonekana na silaha mkononi. Na walinzi walimzidi kwa idadi. Mabishano ya Marekani kwa sehemu kubwa yalihusu yaliyotokea chumbani, kama Seneta alikuwa na adabu au hakuwa nayo, kama alimkimbilia Waziri au alisimama tu. Swali la askari liko nje ya mlango. Mkono uliomtoa ulipaswa kusimama wapi, na ni nani aliyeuamuru uendelee?

Swali hilo halikuzaliwa Los Angeles. Lina umri wa karibu miaka 400, na historia yake inafaa kuelezwa kwa sababu nchi jirani zetu nazo zimelipitia.

Tarehe 4 Januari, 1642, Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alikwenda Bungeni mjini London akiwa na watu wenye silaha wapatao 400, ili awakamate Wabunge watano aliowatuhumu kwa uhaini. Askari walisimama nje ya ukumbi, na mlango ukaachwa wazi makusudi ili Wabunge wawaone. Mfalme akaingia mwenyewe, akakiendea kiti cha Spika, akaangaza macho asiwaone aliowataka, maana walikuwa wamepata habari na kutoroka kwa njia ya mto. Alipomuuliza Spika William Lenthall wako wapi, Spika alipiga magoti, akajibu kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kama Bunge lenyewe litakavyomwelekeza. Mfalme akatoka mikono mitupu. Siku chache baadaye aliuhama mji wa London. Kabla ya mwaka kwisha nchi ilikuwa vitani. Na mwezi Januari, 1649, alikatwa kichwa. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia katika ukumbi wa Wabunge wa kuchaguliwa.

Tuseme jambo moja kwa kumtendea haki mfalme yule. Alikwenda mwenyewe. Hakutuma watu wasio na jina. Hakuna askari miongoni mwa wale 400 aliyebaki baadaye akiulizwa amri ile ilikuwa ya nani, kwa sababu mwenye amri alitangulia mbele yao na kila mtu alimwona.

Wamarekani walipotunga Katiba yao mwaka 1787 waliikumbuka historia hiyo. Kifungu cha kwanza, sehemu ya 6, kinasema kwamba wajumbe wa mabaraza mawili hawatakamatwa wakiwa kikaoni, au wakiwa njiani kwenda na kurudi, na kwamba hawataulizwa mahali pengine popote juu ya maneno waliyoyasema ndani ya baraza. Lakini kifungu hicho kinatoa nje uhaini, makosa makubwa na uvunjaji wa amani. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba maneno hayo matatu yanayakumba makosa yote ya jinai. Kwa hiyo wale waliopiga kelele mwaka 2025 kwamba Seneta ana kinga kamili ya kutoguswa walikosea sheria. Seneta wa Marekani anaweza kukamatwa kama mtu mwingine, iwapo amefanya kosa. Tatizo la Los Angeles ni kwamba alitiwa pingu na hakuna kosa lililotajwa mbele ya hakimu.

Tena hakuwa wa kwanza kushikwa na askari. Tarehe 1 Mei, 1948, mjini Birmingham, katika jimbo la Alabama, Seneta Glen Taylor wa Idaho, ambaye mwaka ule alikuwa mgombea umakamu wa Rais, alikwenda kuhutubia mkutano wa vijana weusi. Polisi walikuwa wameamuru kwamba weupe na weusi waingie kwa milango tofauti. Seneta Taylor, ambaye ni mzungu, akaufuata mlango wa weusi. Polisi wakamkamata, wakampeleka kituoni, na mahakama ikamtia hatiani kwa kosa la fujo. Mkuu wa usalama wa mji ule alikuwa Bwana Eugene Connor, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bull. Hakujificha, amri ya milango miwili aliisimamia hadharani na akajivunia kuisimamia. Miaka 15 baadaye, mwezi Mei, 1963, ni yeye aliyewaachia mbwa watoto wa shule na kuwapiga kwa maji ya mabomba ya zimamoto, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Polisi waliomkamata Taylor walikuwa wakitimiza sheria iliyoandikwa. Ilikuwa sheria mbovu, nayo ilikuja kufutwa. Lakini ilikuwapo, na mwenye amri alijulikana.

Sasa tutoke Marekani tuje kwa majirani. Mabunge ya Kenya na Uganda yaliurithi utaratibu wao kutoka Bunge lile lile la London alikoingia Mfalme Charles: kiti cha Spika, siwa, mpambe wa Bunge, na kanuni kwamba ndani ya ukumbi mamlaka ya kumtoa mjumbe ni ya Spika. Kwa hiyo mambo yaliyotokea Nairobi na Kampala yanaweza kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Mwaka 1975 ulikuwa mwaka mgumu nchini Kenya. Mwezi Machi aliuawa Mbunge Josiah Mwangi Kariuki, na maiti yake ikaonekana katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Bwana Elijah Mwangale, ambayo mwezi Juni ilitoa taarifa iliyowaelekezea kidole baadhi ya wakubwa wa vyombo vya usalama. Serikali haikuipenda taarifa hiyo, na Waziri Masinde Muliro alipoteza uwaziri kwa kupiga kura ya kuiunga mkono. Baada ya hapo kila neno lililosemwa Bungeni lilipimwa kwa mizani. Tarehe 9 Oktoba, Bwana Martin Shikuku, Mbunge wa Butere, alisema kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa atoe ushahidi, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa amekalia kiti, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliovaa kiraia waliingia katika majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili. Hawakufikishwa mahakamani. Waliwekwa kizuizini chini ya sheria ya kulinda usalama wa umma, iliyomwezesha Rais kumfunga mtu bila kesi. Wabunge wenzao walinong'ona, wachache wakasema, na Rais Jomo Kenyatta akawaonya kwa mfano wa mwewe aliye angani akiwangojea vifaranga. Mfano huo kila mkulima aliuelewa. Mabwana hao wawili walikaa kizuizini zaidi ya miaka mitatu, hadi Rais Daniel arap Moi alipowaachia pamoja na wafungwa wengine wa kisiasa tarehe 12 Desemba, 1978.

Katika kisa cha Nairobi polisi walikuwa na karatasi ya sheria mkononi, na hakuna mtu aliyekuwa na shaka juu ya mwenye amri. Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo halikuwapo London mwaka 1642: mwenye amri hakuja. Waliokuja ni watu wasio na sare, na waliowashika hawakuwashika kwa kosa bali kwa sentensi mbili zilizosemwa katika mjadala, mahali ambapo sheria ya Bunge yenyewe ilisema mtu hataulizwa juu ya maneno yake. Sheria moja ilitumiwa kuipita nyingine mlangoni.

Kampala mambo yalikuwa wazi zaidi kwa macho na yenye giza zaidi kwa maelezo. Mwezi Septemba, 2017, Bunge la Uganda lilikuwa likijadili kuiondoa katika Katiba ibara iliyomzuia mtu aliyezidi miaka 75 kugombea urais. Wapinzani walivaa vitambaa vyekundu vichwani, wakaimba wimbo wa taifa tena na tena ili kikao kisiendelee, na tarehe 26 ya mwezi huo viti vilirushwa ukumbini. Kesho yake Spika, Bibi Rebecca Kadaga, alitaja majina ya Wabunge 25 aliowasimamisha kuhudhuria vikao. Hawakutoka. Spika akaahirisha kikao kwa muda, akaondoka kitini.

Hadi hapo utaratibu ulikuwa ukifuatwa. Spika anayo mamlaka ya kumtoa Mbunge anayefanya fujo, na mpambe wa Bunge na askari wake wapo kwa kazi hiyo. Lakini walioingia ukumbini hawakuwa askari wa mpambe. Walikuwa wanaume wenye suti nyeusi na mashati meupe, wasio na namba wala alama ya cheo, na wakaanza kuwakamata Wabunge mmoja mmoja, kuwapiga na kuwaburuta nje. Ilikuja kujulikana kwamba miongoni mwao walikuwamo watu wa kikosi maalumu cha jeshi kinachomlinda Rais. Bibi Betty Nambooze, Mbunge wa Manispaa ya Mukono, aliumizwa uti wa mgongo akalazimika kwenda kutibiwa India. Siku hizo hizo tume inayosimamia mawasiliano ilikuwa imevikataza vituo vya redio na televisheni kutangaza vurugu hizo moja kwa moja, lakini picha zilitoka, kama zinavyotoka siku zote.

Ndugu wapiganaji, tazameni tofauti. Wabunge wale 25 walikuwa wamekaidi amri halali. Lau kama mpambe wa Bunge angeingia na askari wenye sare, akawasomea amri ya Spika, akawatoa mmoja mmoja, wapinzani wangelalamika, lakini mwenye kuulizwa angekuwapo. Suti nyeusi ziliigeuza amri halali ikawa uvamizi. Spika mwenyewe, aliyekuwa amewasimamisha Wabunge wale, alilazimika kumwandikia Rais Yoweri Museveni barua akiuliza watu walioingia katika Bunge lake walikuwa ni akina nani na kwa nini waliingia. Spika William Lenthall aliulizwa na mfalme asijibu. Spika Kadaga ilimbidi aulize yeye.

Kwa kipimo hicho Los Angeles inasimama mahali fulani katikati. Maofisa walikuwa wa vyombo vinavyojulikana, na wakubwa wao waliwatetea siku ile ile bila kungoja uchunguzi. Lakini hakuna aliyejitokeza kusema kwamba ni yeye aliyeamuru pingu zifungwe nje ya mlango. Maelezo yote ya serikali yalizungumzia chumba. Katika mkanda mmoja wa video ofisa anasikika akimkataza aliyekuwa akipiga picha asiendelee kupiga. Mkanda huo, pamoja na katazo hilo, ulitazamwa na mamilioni ya watu kabla ya jua kuchwa.

Mambo ya Marekani hayakuishia kwa Bwana Padilla. Tarehe 17 Juni, siku aliyosimama katika Seneti kueleza yaliyompata, sauti yake ikikatika kwa uchungu, mjini New York maofisa wa serikali kuu walimkamata Bwana Brad Lander, mkaguzi wa hesabu wa mji huo aliyechaguliwa kwa kura, alipokuwa akimsindikiza mhamiaji aliyetoka katika mahakama ya uhamiaji. Aliachiwa baada ya saa chache. Mwezi uliotangulia, tarehe 9 Mei, Meya Ras Baraka wa Newark alikamatwa nje ya gereza la wahamiaji, na mashtaka yake yakafutwa muda si mrefu.

Kwa upande wa jeshi mahakama ilikuwa na lake la kusema. Siku ile ile ya tarehe 12 Juni, Jaji Charles Breyer wa San Francisco aliamua kwamba Rais hakuwachukua askari wa California kwa njia ya sheria. Usiku huo huo mahakama ya rufani ikausimamisha uamuzi wake. Tarehe 2 Septemba, 2025, jaji huyo huyo akatamka kwamba kule Los Angeles wanajeshi walitumiwa kufanya kazi ya polisi kinyume cha sheria ya mwaka 1878 inayokataza jambo hilo. Jambo ambalo Bwana Padilla alikwenda kumwuliza jenerali lilikuwa ndilo hilo hilo.

Na kule Uganda, suala la wale wenye suti halikufa kwa barua ya Spika. Ibara ya umri ilifutwa mwezi Desemba, 2017, na wapinzani wakaenda mahakamani. Mwezi Aprili, 2018, Mahakama ya Katiba ilipokuwa ikisikiliza kesi hiyo mjini Mbale, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Uganda, Jenerali David Muhoozi, aliitwa mbele ya majaji, akasimama mahali pa mashahidi, na mawakili wakaanza kumwuliza juu ya askari walioingia Bungeni.